Dada Wawili Nyuma ya Jina la Frank

Miaka ya karibuni kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Mississippi Records ilitoa albamu yenye jina la kikundi kilichoiimba: Frank & His Sisters. Wapenzi wa muziki wa zamani wa Afrika walioko Ulaya na Marekani wameipokea kama zawadi kutoka miteremko ya Kilimanjaro, kwa gitaa lake jepesi, sauti zake zinazokwenda pamoja, Kichaga chake na Kiswahili chake. Lakini kikundi hicho hakikuwahi kurekodi albamu. Frank Humplick, ambaye wengine humwandika Humplink, na dada zake Thecla Clara na Maria Regina walirekodi wimbo mmoja mmoja katika miaka ya 1950, kwenye sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukibeba dakika tatu hivi na si zaidi. Albamu ni kazi ya wakusanyaji, iliyofanyika zaidi ya nusu karne baadaye. Tangu sahani za kwanza mpaka albamu hiyo, kila mara nyimbo hizi zinapopokelewa upya kuna jambo moja linaloachwa njiani. Mpiga gitaa mwenye sauti nzuri alipatikana katika kila mji wa Afrika Mashariki wa wakati ule. Kilichoitofautisha Moshi, mji wa akina Humplick chini ya Kilimanjaro, ni sauti mbili za wanawake, nazo ndizo ambazo jina la kikundi linazitaja kwa udugu wao tu, bila kuzitaja kwa majina.

Kwanza tuiweke Moshi mahali pake, kwa sababu neno “asili” linalobandikwa kwenye muziki wa namna hii humfanya msomaji afikirie kijiji kilichojificha mlimani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani. Waingereza nao, katika Vita Kuu ya Kwanza, walijenga reli ya Voi kupitia Taveta kwa ajili ya kusafirisha askari, na vita ilipokwisha reli hiyo ikabaki imeuunganisha mji na njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Mtu wa Moshi aliyetaka gramafoni, baiskeli au suti ya mtindo mpya alitazama Nairobi kabla ya kuitazama Dar es Salaam. Fedha za kununulia zilitoka kwenye kahawa. Wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, ushirika uliokusanya na kuuza kahawa ya vihamba, yaani mashamba ya familia, vya mlima mzima. Kisha, Julai 1953, baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya dunia ikaruka mwaka 1954, na malipo ya msimu yakawapa watu wa Marangu, Kibosho na Machame fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuzishika. Ni wakati huohuo Wachaga walipokuwa na Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, wao wa kuchaguliwa, Thomas Marealle, aliyepigiwa kura mwaka 1951. Jamii iliyokuwa ikijiona hivyo, yenye akiba mfukoni na shule kila tarafa, ilikuwa soko la santuri kabla hata ya kuwa chimbuko la waimbaji.

Biashara ya santuri ilikuwa na umri tayari. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalisogea karibu zaidi: Nairobi ilipata studio na lebo zake, Jambo ikiwa mojawapo, kampuni ya HMV ya Uingereza iliendelea na soko lake, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliingiza Gallotone kila pembe ya Afrika ya Kati na Mashariki, hata ikamfikisha Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, kwenye masikio ya watu ambao hawakuwahi kuiona Katanga. Sahani hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, nyeusi, na ikiteleza mkononi moja inapasuka vipande. Gramafoni haikutaka umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, nayo sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja au miwili, vinginevyo inakwangua mifereji na wimbo unageuka mkwaruzo. Kwa nyumba ya kihambani isiyo na umeme, hicho ndicho kilikuwa chombo cha muziki, na kila aliyekinunua alijua bei ya kila wimbo alioupiga.

Kurekodi nako kulikuwa na masharti yake, na masharti hayo ni ushahidi ambao mara nyingi hausomwi. Hakukuwa na kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Wote waliimba na kupiga kwa mkupuo mmoja, na fundi alipanga uwiano wa sauti kwa kumsogeza huyu na kumrudisha nyuma yule mbele ya kipaza sauti. Aliyetakiwa asikike alisimama karibu. Aliyekuwa pambo tu alisimama mbali, na kwenye santuri nyingi za miaka ile waitikiaji husikika kama watu walio chumba cha pili. Katika nyimbo za Humplick sauti za kike hazijawekwa chumba cha pili. Zinakwenda sambamba na ya Frank, mara nyingine zikiubeba wimbo na kumwacha yeye na gitaa lake awe ndiye anayesindikiza. Uamuzi huo ulifanywa na watu waliokuwepo, kwa masikio yao, na walikuwa watu wa biashara: walijua mnunuzi anataka nini.

Ustadi huo ulitoka wapi? Jibu linalopatikana upesi ni kwamba ulitoka Marekani, kwenye santuri za akina dada kama Andrews Sisters zilizoenea dunia nzima wakati wa vita, na kwamba vijana wa Moshi waliiga. Sina sababu ya kukataa kwamba walizisikia. Lakini kusikia hakutoshi. Watu wawili kushika sauti ya kwanza na ya pili bila kuyumba, kwa mkupuo mmoja, ni kazi ya mazoezi ya miaka. Tazama majina yao: Thecla Clara, Maria Regina. Ni majina ya ubatizo wa Kikatoliki, ya watoto waliokulia penye misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho muda mfupi baadaye. Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame mwaka 1893. Kufikia miaka ya 1940 kulikuwa na kizazi cha pili, na pengine cha tatu, cha Wachaga waliojifunza kupanga sauti kanisani na shuleni. Kwaya ndiyo iliyokuwa shule ya muziki ya mlimani, na tofauti na ngoma au dansi, kwaya ilimfundisha msichana sawasawa na mvulana. Frank anatajwa kuwa ndiye aliyewafundisha dada zake nyimbo, na hilo linakubalika, lakini mtu hufundisha wimbo kwa saa chache pale tu anapowakuta wanafunzi ambao masikio yao yamekwisha kuandaliwa na wengine. Isitoshe, Kichaga ni lugha ya toni: ukiipandisha sauti mahali pasipo pake umebadilisha maana au umeiharibu. Kuimba sauti mbili kwa lugha ya namna hiyo, maneno yakaeleweka na wimbo ukabaki mtamu, si jambo ambalo santuri ya Marekani ingeweza kumfundisha mtu yeyote.

Kuna swali la nani aliruhusiwa kusimama jukwaani. Bendi za dansi za Tanganyika zilikuwa za wanaume. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah kule Morogoro: wapigaji wanaume, waimbaji wanaume, na mwanamke akionekana ukumbini ni mchezaji au mpenzi anayeimbwa. Pwani taarabu ilikuwa imefungua mlango kwa akina Siti, lakini bara msichana aliyesoma misheni angejitia doa kuimba kwenye ukumbi wa pombe na wanaume wasio ndugu zake. Kikundi cha kaka na dada kilipita pale ambapo bendi isingepita. Udugu ulikuwa hati ya kusafiria: baba na mama hawakuwa na hofu, padre hakuwa na neno, na hadhira ya heshima ilikaa ikasikiliza. Kwa hiyo lile jina la kikundi, ambalo leo linawafunika wanawake, ndilo pia lililowawezesha kusikika. Sioni haja ya kuchagua upande mmoja wa jambo hili. Lakini kujua kwamba jina lilikuwa ngao ni kitu kimoja, na kuendelea kulichukulia kama maelezo sahihi ya nani alifanya nini ni kitu kingine.

Mapokezi ya kwanza ya nyimbo hizi yanakumbukwa zaidi kwa sababu ya siasa. Kati ya nyimbo za Frank ulikuwepo “Yes No”, wimbo uliogusa madai ya Waafrika katika wakati mbaya kwa serikali. Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na Wakikuyu waliokaa Jimbo la Kaskazini la Tanganyika walikuwa wakikamatwa na kuchujwa. Jirani tu, huko Meru, wananchi walikuwa wamefukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951 na msemaji wao, Kirilo Japhet, akaenda kulalamika Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954. Mohamed Said, mwandishi wa kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, kilichochapwa London mwaka 1998, amesimulia mara nyingi jinsi wimbo huo ulivyopigwa marufuku na santuri zake kusakwa nyumba kwa nyumba mjini Moshi. Kwa wanaoandika historia ya uhuru, hapo ndipo Frank anapoingia kitabuni: msanii aliyewatia kiwewe wakoloni kwa gitaa.

Masimulizi hayo yana thamani yake, na bila Mohamed Said huenda vijana wengi wa Tanzania wasingelijua kabisa jina la Humplick. Hata hivyo, tuitazame ile picha ya msako kwa makini. Polisi hawakuvamia ukumbi wala baa. Walipita majumbani. Maana yake ni kwamba santuri yenyewe ilikuwa majumbani, sebuleni, karibu na watoto na bibi, mahali ambapo wimbo wa siasa peke yake haupati kiti kirahisi. Serikali isingehangaika na wimbo ulioimbwa na wachache kwenye mkutano. Ilihangaika na wimbo uliokuwa umekwisha kuwa wa familia. Na kilichoufanya uwe wa familia ni namna ulivyoimbwa: kaka na dada zake, sauti za kanisani, maneno ya siasa yaliyovaa nguo za Jumapili. Anayesema kwamba siasa ndiyo jambo kubwa na sauti za dada ni nakshi ametenganisha vitu viwili ambavyo, kwa ushahidi wake mwenyewe, vilifanya kazi pamoja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utunzi. Frank ndiye aliyetunga, ndiye aliyepiga gitaa, ndiye aliyekuwa na mawazo. Bila yeye kusingekuwa na kikundi. Nakubali yote hayo. Lakini utunzi ni kazi moja na santuri ni kazi nyingine. Watunzi wenye gitaa walikuwa wengi kuanzia Katanga hadi Nairobi, wakiimba peke yao au na rafiki mmoja anayegonga chupa, na wengi wao walikuwa mafundi wa vidole kumpita Frank. Ukimpa mmoja wao wimbo uleule wa Moshi, unapata wimbo mzuri wa gitaa kati ya nyimbo nzuri za gitaa. Wengine husema kwamba, kwa kuwa baba yao alikuwa Mzungu na mama Mchaga, muziki huu ni wa machotara na si wa Kilimanjaro. Hoja hiyo haina miguu. Lugha ni ya mama, soko ni la kahawa ya mama, na kwaya haikuuliza rangi ya baba.

Sasa turudi kwenye albamu. Wakusanyaji wa Marekani wanastahili shukrani, kwa sababu sahani za 78 zilikuwa zinakwisha: zilizobaki zimepasuka, zimepinda kwa joto, au zimetumika mpaka mifereji imekuwa myeupe. Bila mtu wa kuzitafuta, kuzisafisha na kuzihamisha, kusingekuwa na cha kujadili. Lakini albamu ni umbo lenye tabia zake. Inazikusanya nyimbo za nyakati tofauti na kuziweka mfululizo kana kwamba zilitungwa kwa pumzi moja, hivyo msikilizaji wa Chicago anapata alasiri nzima ya utamu ambayo hakuna mtu wa Moshi aliyewahi kuipata. Mtu wa Moshi alikuwa na wimbo mmoja upande huu, mmoja upande wa pili, kisha anatia ufunguo tena. Wimbo wa siasa, ukiwekwa kati ya bembelezo na wimbo wa mapenzi, kwa lugha asiyoielewa msikilizaji, unakuwa bembelezo la tatu. Wale waliosikia siasa tu waliwasahau dada kwa sababu walisikiliza maneno. Hawa wa leo wanazipenda sauti zao kweli, lakini wanazisikia kama hewa ya mlima, si kama kazi ya watu wawili wenye majina. Njia ni mbili, mwisho wake ni mmoja.

Kwamba ingeweza kuwa vinginevyo tunaona kwa mifano ya karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Saida Karoli wa Bukoba aliimba Kihaya na Tanzania nzima ikacheza bila kuelewa, na hakuna aliyethubutu kuiita kazi ile ya wapiga vyombo wake. Diamond Platnumz na Rayvanny walipourudia wimbo wake kwa mtindo wao mwaka 2016, mjadala wote ulikuwa juu ya Saida. Wa karibu zaidi ni Pendo na Leah Zawose wa Bagamoyo, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, gwiji wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003. Katika enzi ya mzee huyo, marimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume na wanawake wa familia waliitikia na kupiga ngoma. Mwaka 2024 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yao ya kwanza, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Hii ilitengenezwa kama albamu tangu mwanzo, ikarekodiwa Bagamoyo na watayarishaji kutoka Uingereza, na vyombo vya mzee vikiwa mikononi mwa binti na mjukuu wake. Mtu anaweza kulalamika, na si bila sababu, kwamba wazungu wa studio wameitia kazi hiyo midundo yao na kwamba imesikilizwa Ulaya kuliko Dodoma. Hata hivyo anayeinunua anajua ni wanawake wawili, na akitaka majina yao anayapata bila kuchimba. Zile sauti mbili za Moshi zilitangulia kwa takriban miaka 70, bila kupata hata hilo.

Wengine watasema jambo hili ni la heshima tu, la kuandika majina vizuri kwenye jalada, na kwamba haki zenyewe ziko salama. Haziko hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwimbaji ambaye hakutunga analindwa kwa hakishiriki tu, miaka 50 inayohesabiwa tangu kazi yake iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za miaka ya 1950 bado zina mwenyewe kwa upande wa mtunzi na warithi wake. Kwa upande wa waliozipa sauti muda ulikwisha katika muongo wa kwanza wa karne hii, kabla albamu haijafika sokoni.